Pete Katikati ya Misumari

Wazee wetu walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walisema kweli, lakini hawakutuambia itampasa mtu ainame mara ngapi. Jirani yangu mmoja alilipata jibu lake wakati wa kupalilia maharagwe. Katika siku moja aliinama mara 42, na mara zote 42 akaokota chuma.

Habari yenyewe ni hii. Mke wake alikuwa akipalilia bustani iliyo nyuma ya nyumba. Mikono yake ilikuwa na matope, pete yake ya ndoa ikateleza kidoleni, wala hakutambua mpaka jioni aliponawa. Wakaitafuta kwa macho, wakaitafuta kwa mikono, wakachekecha udongo kwa chekecheo, wasiione. Bustani ile si kubwa. Lakini zamani palisimama hapo nyumba ya mbao na mabati, nayo ilipobomolewa misumari yake ilibaki udongoni kama mbegu.

Ndipo kijana mmoja wa mtaa wetu, atafutaye dhahabu mtoni, akamwazima mashine yake ya kutafuta metali. Ninyi wanafunzi mmeiona katika picha: ni fimbo ndefu yenye sahani ya duara mwisho wake, na kisanduku chenye vifungo karibu na mkono. Siku ya kwanza mashine ililia kila hatua. Jirani yangu akachimba misumari, vipande vya bati, vifuniko vya chupa na nusu ya jembe. Mgongo ukamwuma, na maharagwe ya mama yakang'oka.

Siku ya pili alifanya akili. Aliambiwa ya kuwa kipo kifungo cha kuifanya mashine isijali chuma. Akakizungusha mpaka mwisho. Mashine ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Akaipitisha bustani yote, upande huu na upande huu, kimya. Jioni akaja kwangu na uso mzito, akaniambia: "Mwalimu, sasa najua. Pete haimo bustanini. Mashine imeshuhudia." Nikamwuliza, "Basi iko wapi?" Hakujibu, lakini nilijua alikokuwa akitazama. Nyumbani kwake anakaa binti wa dada yake, msichana wa miaka 14, aliyekuja kwao kusoma. Siku ile ya kupalilia alikuwa bustanini pamoja na mama.

Tazameni, wasomaji, kifungo kidogo kilichozungushwa kupita kiasi kilivyokuwa karibu kumfanya mtoto wa watu mwizi. Kwa sababu hiyo nimeona vema, katika ukurasa huu wa juma hili, kueleza jinsi mashine hii isikiavyo, na jinsi impasavyo mtu kuirekebisha.

Mmoja wa watu wa kwanza kusumbuliwa na chuma kisichotakiwa ni mtu mashuhuri. Tarehe 2 Julai 1881, rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi katika stesheni ya gari la moshi mjini Washington. Risasi moja ilibaki mwilini, na waganga hawakujua ilipo. Siku zile picha za eksirei zilikuwa hazijavumbuliwa bado. Ndipo Alexander Graham Bell, yule mvumbuzi wa simu, alipotengeneza chombo cha nyaya na umeme kiliacho kikikaribia metali. Alimpima rais mara mbili, tarehe 26 Julai na tarehe 1 Agosti. Mara ya pili alisikia sauti hafifu, lakini ilienea mahali papana, asiweze kusema: Risasi ni hapa. Baadaye ikajulikana ya kuwa chini ya godoro la mgonjwa palikuwa na godoro jingine la waya za chuma. Tena daktari mkuu alimruhusu Bell apime upande wa kuume tu, maana aliamini risasi iko huko. Kumbe ilikuwa upande wa kushoto. Rais alifariki tarehe 19 Septemba mwaka uo huo.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, chuma cha kitanda kiliichafua sauti. La pili, watu walitafuta pale tu walipokwisha kuamua kwamba kitu kipo. Jirani yangu alikuwa akiyarudia yote mawili.

Sasa, mashine husikiaje? Ndani ya ile sahani mna nyaya zilizozungushwa. Katika waya wa kwanza hupita umeme unaogeuka huku na huku mara elfu nyingi kila sekunde, katika mashine nyingi kati ya mara 5,000 na 20,000. Umeme huo huzaa nguvu ya sumaku inayoshuka udongoni. Ni kama mtu apigaye hodi mlangoni. Nguvu ile ikikuta metali, huamsha ndani yake vijito vidogo vya umeme, navyo huzaa nguvu yao ya sumaku inayorudi juu, na waya wa pili katika sahani huipokea. Hiyo ndiyo "karibu" ya metali.

Lakini si metali zote ziitikazo kwa mwendo mmoja. Fedha na shaba, ambazo hupitisha umeme vizuri, hukawia zaidi kuitika. Karatasi nyembamba ya alumini, kama ile ifunikayo sigara, hukawia kidogo. Msumari mdogo huitika mbele ya hizo zote, kwa kuwa chuma ni rafiki wa sumaku, na huishika nguvu ile mara moja. Tofauti hizo ni ndogo mno, sikio la binadamu haliwezi kuzipima, lakini mashine huzipima na kuzigeuza kuwa sauti au nambari.

Kile kifungo cha kuchagua hufanya kazi kama bawabu. Humwambia: Aitikaye mapema kuliko kiasi hiki, usimfungulie. Ukikizungusha kidogo, misumari midogo hukataliwa. Ukiendelea, hukataliwa karatasi za alumini, na pamoja nazo vipande vidogo vya dhahabu na mikufu myembamba. Ukizidi kuendelea, hukataliwa zile ndimi za alumini zinazofungua makopo ya vinywaji, na pamoja nazo pete nyingi za dhahabu, kwa maana pete ya dhahabu na ulimi wa kopo huitika karibu sawasawa. Mwisho wa kifungo husalia sarafu nene za fedha na za shaba, na vitu vinavyofanana nazo.

Sasa mmeelewa kisa cha bustani ile. Bawabu hakuangalia bei, aliangalia wakati wa kuitika. Jirani yangu alidhani amekataa misumari tu, naye alikuwa ameikataa pete ya mke wake. Nikamwambia: "Mzee wangu, mashine haikushuhudia neno. Wewe uliiziba masikio, kisha ukaiuliza imesikia nini."

Kesho yake baada ya masomo tulikwenda bustanini pamoja. Nitaeleza hatua kwa hatua tulivyofanya, ili mwenye haja aweze kufuata.

Kwanza tulilinganisha mashine na udongo. Udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake, si cha misumari bali cha mchanga wenyewe. Mashine isiyolinganishwa huulilia udongo kana kwamba ni kitu. Tulitafuta mahali pasipo na metali, tukaiinua sahani na kuishusha karibu na ardhi mara kadhaa, huku tukirekebisha kifungo chake, mpaka sauti ikawa moja juu na chini.

Pili tulipunguza wepesi wa kusikia. Wengi hudhani ya kuwa kuongeza ndiko bora. Lakini mashine iliyoongezwa mno, mahali penye vyuma vingi, ni kama mtu aliye sokoni atakaye kusikia mazungumzo ya wote. Tulipunguza mpaka kelele za ovyo zikakoma. Pete iliyoanguka juma lililopita haiko chini sana, haikutulazimu kusikia mbali.

Tatu tulikwenda kwenye kifungo cha kuchagua. Tulikirudisha mpaka mwanzo kabisa, tukaweka chini msumari mmoja kati ya vile vyuma 42. Mashine ikalia. Tukazungusha kidogo kidogo, mpaka sauti ya msumari ikaanza kukatika-katika. Hapo tukaacha, bila kuongeza hata unywele. Kisha nikamwomba jirani yangu avue pete yake mwenyewe, ile iliyo jozi ya pete iliyopotea, aiweke juu ya udongo. Mashine ikaitika kwa sauti nzima. Tukaifunika kwa udongo wa kina cha vidole vinne, ikaitika tena. Ndipo nikamwomba azungushe kifungo mpaka pale alipokiweka jana. Kimya. Alisimama pale akiitazama pete yake iliyo chini na mashine isiyoiona, wala hakusema neno kwa muda mrefu.

Hili ndilo kubwa katika maneno yangu yote ya leo. Usiulize kifungo kiwekwe wapi. Chukua kitu kinachofanana na ulichokipoteza, kiweke chini, nacho kitakufundisha. Kisha zungusha kwa ajili ya msumari, lakini simama kabla ya kukigusa kitu hicho.

Nne, mashine ile ilikuwa na namna ya kukiacha chuma kiseme kwa sauti nzito badala ya kukinyamazisha. Tukachagua hiyo. Kimya hakikuambii kitu, lakini sauti nzito hukuambia: Hapa pana msumari, angalia pembeni yake. Maana chuma kina hila nyingine: hufunika. Sarafu au pete ikilala karibu na msumari, msumari huitika kwanza, na mashine iliyoamriwa kukataa chuma huweza kuvikataa vyote viwili pamoja. Kwa hiyo mahali penye vyuma vingi sahani ndogo hufaa kuliko kubwa, kwa kuwa huona kitu kimoja kimoja.

Tano, tulikwenda polepole, sahani ikiwa karibu na udongo. Kila tuliposikia sauti nzuri tuligeuka na kupita tena kwa upande wa pili, kama mtu achoraye msalaba. Msumari uliolala huweza kusema vizuri ukipita upande mmoja, lakini upande wa pili huvunjika sauti. Kitu cha duara, kama sarafu au pete, husema sawasawa pande zote. Hata hivyo vipo vyuma vidanganyifu: bamba pana, chuma chenye tundu katikati, na vifuniko vya chupa. Hivyo huweza kuitika kama kitu cha thamani, na hakuna kifungo kitakachokuponya navyo vyote. Siku ile tulichimba vifuniko vinne na washa moja. Anayetaka asichimbe takataka hata mara moja, afadhali akae nyumbani.

Kulikuwa na mahali pamoja, katika tuta la tatu, mashine iliposema kwa sauti nzito iliyovunjika. Tungeipita. Lakini tulipopita kwa upande wa pili, ndani ya ile sauti nzito ilitoka sauti nyingine, nyembamba na safi. Yule msichana alikuwa akitushikia jembe dogo. Akapiga magoti, akachimbua kwa vidole. Ulitoka kwanza msumari uliopinda, mrefu kama kidole. Kando yake, katika bonge la udongo, ilikuwamo pete.

Lakini, wasomaji wapenzi, msifunge gazeti mkisema kwamba chuma ni takataka siku zote. Katika kijiji cha Hoxne, huko Suffolk nchini Uingereza, mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake, Eric Lawes, aitafute kwa mashine. Atafutaye nyundo hawezi kukiambia chuma kinyamaze. Tarehe 16 Novemba 1992, Lawes akichimba palipolia, alikuta sarafu na vijiko vya fedha. Hakuendelea kuchimba mpaka chini. Habari ikapelekwa kwa wakubwa, na wataalamu wakaja kesho yake, wakachimba kwa utaratibu, hata wakaweza kujua jinsi vitu vilivyopangwa katika sanduku. Zilikuwa sarafu 14,865 za zama za Warumi, na vyombo na mapambo ya dhahabu na fedha yapata 200. Nyundo nayo ilipatikana, na leo imo katika hifadhi ya British Museum.

Na hapa kwetu Kongo, kando ya ziwa Kisale katika Katanga, mahali paitwapo Sanga, wataalamu walichimba makaburi ya kale katika miaka ya 1957 na 1958. Pamoja na mapambo ya shaba na vyungu, waliona vyombo vya chuma, kazi ya wahunzi wa zamani za kale. Mwenye mashine iliyokataa chuma angepita juu ya kazi ya mababu hao kana kwamba ni vifuniko vya chupa. Basi ukikuta vitu vya namna hiyo, usichimbe wala usiuze. Acha vikae vilivyo, ukawape habari wakubwa wa mahali, maana kitu kilichong'olewa mahali pake kimekatwa ulimi.

Kuna chuma cha tatu, nacho ni cha kutisha. Mashariki mwa nchi yetu yamepita majeshi mengi, na yako makombora na mabomu yaliyobaki udongoni bila kulipuka. Ganda la kombora kwa kawaida ni chuma. Mahali palipopiganwa vita, usipitishe mashine kwa mchezo, wala usichimbe sauti yoyote, iwe nzito, iwe nyembamba. Ukiona kitu cha namna hiyo, rudi kwa njia uliyojia, zuia watoto, toa habari. Wategua mabomu wenyewe hawawezi kuchagua kama sisi tulivyochagua bustanini. Yako mabomu ya ardhini yaliyotengenezwa kwa plastiki, yenye metali kidogo tu kama pini, na kwa hiyo huwapasa kuishughulikia kila sauti kana kwamba ni mauti, hata ikiwa ni msumari.

Katika taabu hiyo, msaada umetoka mahali pasipotazamiwa, tena karibu nasi. Huko Morogoro, nchini Tanzania, tangu mwaka 2000, shirika liitwalo APOPO, ambalo asili yake ni Ubelgiji, limefundisha panya buku kunusa baruti iliyo ndani ya mabomu. Panya hajali msumari wala kifuniko cha chupa, kwa maana hatafuti metali. Kiwanja kimoja cha tenisi hukipekua kwa muda wa nusu saa, kazi iwezayo kumchukua mtu mwenye mashine siku 4. Panya mmoja aliyeitwa Magawa, aliyefanya kazi Kamboja, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza liitwalo PDSA mwaka 2020. Ajapo mnyama huyo jikoni kwetu twamfukuza kwa fagio, na kule watu wanalima tena mashamba yao kwa ajili ya pua yake.

Nirudi bustanini. Mama aliipokea pete, akaiosha, akaivaa, akaenda jikoni. Jirani yangu alimwita yule msichana. Sikusikia yote aliyomwambia, wala halikuwa neno langu kulisikia. Lakini jumapili ile niliwaona wakienda kanisani, msichana amevaa viatu vipya. Na ule msumari uliopinda, jirani yangu hakuutupa pamoja na vile vyuma vingine 42. Ameugongomea mlangoni kwake kwa ndani, na juu yake huning'iniza kofia.